Kwao na Anapokaa: Tatizo la Anwani katika Mitandao ya Vifaa Vinavyohama

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza suala la kihandisi ambalo, kwa maoni yetu, lilikuwa suala la lugha kabla ya kuwa la mitambo: namna data za intaneti zinavyomfikia mtu ambaye hatulii mahali pamoja. Abiria anayepanda basi Morogoro na kushuka Dar es Salaam husafiri kilomita zipatazo 190. Katika safari hiyo simu yake hukabidhiwa kutoka mnara hadi mnara mara nyingi. Hata hivyo hotuba anayoisikiliza kwa intaneti haikatiki, wala kompyuta inayompelekea hotuba hiyo haina habari kwamba msikilizaji wake anahama. Ni nani basi anayejua alipo, na anajuaje?

Huenda msomaji wa jarida la taaluma za Kiswahili akauliza jambo hili linamhusu nini. Linamhusu kwa sababu wanafunzi wetu wa uzamili wanaoandika tasnifu za istilahi aghalabu hukusanya maneno moja moja, wakaweka neno la kigeni upande wa kushoto na la Kiswahili upande wa kulia, pasi na kuuliza dhana hiyo inakaaje miongoni mwa dhana jirani zake. Katika uwanja huu njia hiyo ina hasara ya pekee. Tatizo lenyewe lilizaliwa kwa sababu neno moja, yaani anwani, lilibebeshwa kazi mbili. Mtafsiri asiyeliona hilo huuhamisha mkanganyiko wa wahandisi kuuleta kwetu, ilhali lugha tunayoihamishia ilikwisha kuzitenga kazi hizo zamani.

2.0 Jina, anwani na njia

Mwaka 1978 John Shoch, aliyekuwa katika kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, Marekani, alipendekeza mambo matatu yatofautishwe: jina, linaloeleza kinachotafutwa, anwani, inayoeleza kilipo, na njia, inayoeleza namna ya kukifikia. Mwaka 1982 Jerome Saltzer wa MIT aliichambua zaidi hoja hiyo. Alionyesha kwamba huduma, kompyuta inayoitoa, mahali inapojiunga na mtandao, na njia ya kupafikia mahali hapo ni vitu vinne tofauti, na kwamba kinachobadilika kila mara ni ule mfungamano baina ya kimoja na kingine. Maandishi ya Saltzer yalichapishwa upya mwaka 1993 kama hati ya RFC 1498. Hata leo mwanaisimu anaweza kuyasoma bila mkalimani.

Baina ya tarehe hizo, yaani Septemba 1981, ndipo itifaki ya IP ilipopewa umbo lililodumu hadi sasa. Katika toleo lake la nne kila anwani ina biti 32, hivyo anwani zote zinazowezekana hazizidi bilioni 4.3. Biti za mwanzo hutaja mtandao, na za mwisho hutaja kompyuta ndani ya mtandao huo. Kipanga njia, yaani mtambo unaoamua pakiti ielekezwe wapi, huangalia zile biti za mwanzo tu iwapo kiko mbali. Mfanyakazi wa posta ya Bukoba anapoikuta barua ya Lindi hana haja ya kusoma namba ya sanduku. Anaitia katika mfuko wa Lindi, basi. Namba ya sanduku itasomwa Lindi. Kwa utaratibu huo intaneti yenye mabilioni ya vifaa huendeshwa kwa majedwali ya njia yenye maingizo takriban milioni moja. Pasipo mpangilio huo wa ngazi, kila kipanga njia kingelazimika kukijua kila kifaa duniani, na hakuna mtambo ambao ungeweza kazi hiyo.

Kwa hiyo anwani ya IP ni maelezo ya mahali. Lakini itifaki ya TCP, inayosimamia mazungumzo baina ya kompyuta mbili, iliichukua anwani hiyo hiyo na kuifanya utambulisho wa mzungumzaji. Mazungumzo ya TCP hutambuliwa kwa mambo manne: anwani ya upande huu na namba ya mlango wake, anwani ya upande wa pili na namba ya mlango wake. Moja kati ya hayo likibadilika, kwa TCP hayo ni mazungumzo mengine. Wabunifu wake hawana lawama kubwa. Kompyuta nyingi za wakati huo zilikuwa na ukubwa wa kabati na zilifungwa vyumbani mwake. Aliyejua chumba alimjua na mkaazi wake.

Tukilitazama jambo hili kwa jicho la isimu, tofauti iliyopuuzwa ni ile iliyopo baina ya nomino ya pekee na kiashiria. Nomino ya pekee humfuata mwenyewe kokote aendako. Viashiria kama hapa, pale na huku hubadilika marejeo kila anayesema anapobadilika au anapohama, na ndiyo maana Jakobson, mwaka 1957, aliviweka katika kundi la vipashio ambavyo maana yake haishikiki pasi na kujua tukio la usemaji. Anwani ya IP kimuundo iko karibu na kundi hili la pili, nayo TCP huitumia kana kwamba ni ya kundi la kwanza. Kifaa kikihama hubakiwa na njia mbili, zote mbaya. Kikibaki na anwani yake ya zamani, pakiti zitapelekwa kwenye nyumba kilikohama. Kikichukua anwani mpya, aliyekuwa akizungumza nacho atadhani amejiwa na mtu mwingine, na mazungumzo yatakufa.

Kiswahili hakimlazimishi msemaji kuingia katika mtego huu. Tunayo maswali mawili, "Kwenu wapi?" na "Unakaa wapi?", na hakuna mzungumzaji anayeyachanganya. Mtu aliyezaliwa Pangani akaishi Arusha miaka thelathini anaweza kujibu la kwanza kwa kusema kwetu Pangani na la pili kwa kutaja mtaa wa Arusha, na majibu yote mawili yakawa kweli. Umbo kwao ni kivumishi kimilikishi kilichochukua kiambishi cha mahali ku-, lakini halisemi mtu yupo wapi saa hii. Linataja mahali anakojulikana, ambako habari zake zaweza kuulizwa. Anwani ya IP iliundwa ikijibu maswali haya mawili kwa jibu moja.

3.0 Barua ndani ya bahasha

Mwaka 1991 John Ioannidis, Dan Duchamp na Gerald Maguire wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walieleza itifaki za kuiwezesha kompyuta kuhama bila kukata mazungumzo yake. Baada ya majaribio na mabishano ya miaka kadhaa, wahandisi wa intaneti walitoa kanuni rasmi, hati ya RFC 2002 ya Oktoba 1996, chini ya uhariri wa Charles Perkins ambaye wakati huo alikuwa IBM. Wazo lake kuu ni kukipa kifaa anwani mbili. Ya kwanza ni ya kudumu na ni ya mtandao wa kwao. Ya pili hupatikana kila kifaa kifikapo mtandao mpya, nayo huachwa kifaa kiondokapo. Katika mtandao wa kwao hubaki wakala, ambaye hupokea pakiti za asiyekuwapo na kuzipeleka aliko.

Msomaji wa Tanzania hahitaji michoro ili aelewe utaratibu huu. Kwetu barua haikuzoea kufika mlangoni. Ilifika kwenye sanduku la posta, mara nyingi la shule, la ofisi au la jamaa, ikaandikwa kwamba ipitie kwa fulani. Mtumishi akihamishwa kutoka Songea kwenda Mwanza, ndugu yake hubaki na ufunguo wa sanduku la Songea. Barua ikija, yule ndugu haifungui wala hafuti kilichoandikwa juu yake. Anaitia ndani ya bahasha kubwa zaidi, juu anaandika anwani ya Mwanza, kisha anairudisha posta. Mtumishi akiipokea huchana bahasha ya nje na kukuta barua yake kama ilivyoandikwa na mwenyewe. Wakala wa IP hufanya hivyo hivyo. Pakiti nzima hutiwa ndani ya pakiti nyingine yenye kichwa kipya cha baiti 20, na pakiti ya ndani haiguswi. Gharama yake si hizo baiti 20 peke yake. Pakiti iliyokuwa imejaa hadi ukomo unaoruhusiwa, aghalabu baiti 1,500, huzidi kipimo ikivikwa bahasha, ikalazimika kukatwa vipande njiani.

Wahandisi wanaotumia Kiingereza huiita njia hii kwa neno lenye maana ya handaki. Hatuoni sababu ya kuwafuata. Handaki kwa msemaji wa Kiswahili ni shimo la vita kwanza, na hata likichukuliwa kuwa njia ya chini ya ardhi bado linaficha kinachotendeka, kwani hakuna kinachochimbwa: pakiti hupita katika njia zile zile pamoja na pakiti nyingine zote. Kutia bahasha kunaeleza kitendo chenyewe. Vivyo hivyo kwa anwani ya pili. Ikiitwa anwani ya muda, tumetaja umri wake tu. Ikiitwa anwani ya ugenini, imewekwa mahali pake katika mfumo wa dhana, mkabala na anwani ya kwao.

Neno mwenyeji lahitaji tahadhari zaidi. Nyaraka za awali za intaneti huiita kila kompyuta kwa neno la Kiingereza ambalo watafsiri wengi wangelifanya mwenyeji, kwa maana ya anayekaribisha. Hati za vifaa vinavyohama zikaongeza kivumishi juu yake. Tafsiri ya neno kwa neno itatupa mwenyeji anayehama, na Mswahili yeyote atauliza: akishahama, si ni mgeni? Katika Kiswahili mwenyeji ni anayekaribisha na pia ni mzawa wa mahali. Maana hizi mbili haziachani. Kwa hiyo tunaona jina mwenyeji liwekewe ule mtambo wa mtandao wa ugenini unaompokea msafiri na kumpa anwani, na kifaa chenyewe kiitwe kifaa tu.

Kwa kuwa kifaa kinahama, hakina budi kumwarifu wakala wake kila kipatapo anwani mpya. Taarifa hiyo huwa na muda wa kuisha ili wakala asiendelee kupeleka mizigo mahali palipoachwa, na sharti iwe na saini ya siri. Laiti saini isingedaiwa, yeyote angeweza kumwandikia wakala kwamba mimi ndiye fulani, nimehamia huku, na barua za mwenzake zikaanza kumfikia yeye.

Udhaifu mkubwa wa mpango huu ni njia ya pembetatu. Tuseme mwandishi wa barua naye anaishi Mwanza, mtaa wa pili kutoka kwa yule mtumishi. Barua yake itakwenda Songea, itatiwa bahasha, itarudi Mwanza. Jibu litavuka mtaa mmoja tu. Kwa pakiti hasara hii hupimika. Nuru katika nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na kutoka Dar es Salaam hadi London ni kilomita zipatazo 7,500 kwa mstari ulionyooka. Msafiri wa Dar es Salaam aliye London kwa huduma ya romingi, yaani anayetumia laini ya kwao katika mtandao wa kampuni ya ugenini, kwa kawaida data zake hupitishwa kwanza kwenye mtandao wa kwao. Akifungua gazeti lililohifadhiwa London, ombi lake laja Dar es Salaam, larudi London, gazeti nalo laja Dar es Salaam, ndipo limfuate. Hizo ni kilomita 30,000, sawa na sekunde 0.15 hata kama mikongo ya baharini ingenyooka kama rula, kwa kitu kilichokuwa mitaa michache kutoka aliposimama.

Safari ya namna hii haivipati vifaa vinavyohama peke yake. Kabla ya kituo cha kubadilishana data cha Nairobi kufunguliwa mwaka 2000, ujumbe baina ya wateja wa kampuni mbili za intaneti za mji huo huo ulipanda setilaiti, ukaenda ng'ambo, ukarudi. Kituo kilifungwa kwa amri muda mfupi baadaye kufuatia malalamiko ya kampuni ya simu ya taifa, kikafunguliwa tena mwaka 2002. Hapo anwani hazikuwa na kosa. Waliokosa kuunganishwa ni majirani.

Dawa ya pembetatu ni kumwambia mwandishi wa barua moja kwa moja: mimi sasa nipo huku. Dawa hii iliwekwa ndani ya toleo la sita la IP kwa hati ya RFC 3775 ya Juni 2004, iliyoandikwa na David Johnson, Charles Perkins na Jari Arkko. Tatizo ni kuaminiwa, maana mwandishi wa barua hana siri yoyote aliyopatana na kifaa hicho kabla. Jawabu lao linapendeza kwa urahisi wake. Anayeandikiwa habari ya kuhama hupeleka nusu mbili za neno la siri, moja kwa anwani ya kwao na nyingine kwa anwani ya ugenini. Anayeweza kuzileta zote mbili amethibitisha kwamba anapatikana kwao na pia anapatikana pale anaposema yupo. Dhana zile mbili ambazo anwani ya mwaka 1981 ilizichanganya hapa zinadaiwa kila moja peke yake, na kila moja na ushahidi wake.

Pamoja na hayo, itifaki hii haikuenea kama ilivyotarajiwa. Miaka ile ile mitandao mingi ilianza kuzikataa pakiti zinazotoka ndani yake zikiwa na anwani ya mtumaji isiyo ya mtandao huo, ili kuwazuia wahalifu wanaojificha nyuma ya anwani za uongo. Pendekezo hilo liliandikwa katika RFC 2267 ya Januari 1998. Msafiri mwema aliyeandika anwani ya kwao kama mtumaji akawa hatofautiki na mwongo. Ikabidi majibu yake nayo yatiwe bahasha na kupitia kwao, na ule upande mmoja mfupi wa pembetatu ukapotea.

4.0 Yuko, yupo

Kampuni za simu zilikuwa zimekwisha kulikabili tatizo hili kwa njia yao. Mfumo wa GSM, uliofunguliwa kibiashara Finland mwaka 1991, ulikuwa na madaftari mawili: daftari la kwao, linalomsajili kila mteja kwa kudumu na kuonyesha yuko eneo gani, na daftari la wageni, linalowaorodhesha waliomo katika eneo fulani kwa sasa. Msomaji anayemkumbuka balozi wa nyumba kumi na daftari lake la wageni ataona kwamba fikra hii haikuhitaji umeme. Data zilipoongezwa juu ya sauti, mpango wa bahasha ulitumika tena, lakini safari hii simu yenyewe haikushirikishwa. Anwani ya IP ya simu hukaa kwenye lango la kampuni, na kutoka langoni hadi mnarani pakiti husafiri ndani ya bahasha, ambayo aghalabu huongeza baiti 36. Simu ikihama mnara, hubadilishwa maandishi ya bahasha ya nje tu. Yule abiria wetu wa Morogoro kwa lugha ya intaneti hakuondoka langoni hata mara moja.

Hapa ndipo sarufi yetu inapotoa msaada usiotarajiwa. Ashton (1944) alieleza kwamba kiambishi PA hutaja mahali dhahiri, KU mahali pasipo dhahiri au upande, na MU undani. Mtandao wa simu hufanya kazi kwa tofauti ya PA na KU. Simu inapotumika, mtandao hujua mnara hasa inaoongea nao: yupo. Simu inapolala mfukoni, mtandao haujishughulishi kujua mnara. Unajua eneo tu, lenye minara mingi: yuko. Pakiti ikija, minara yote ya eneo hilo hupiga mbiu kwa pamoja ikimwita mwenye simu, naye huitika kwenye mmoja, na kutoka hapo yuko inageuka yupo.

Ufanisi wa mtandao wote hutegemea ukubwa wa eneo hilo la yuko. Likiwa dogo mno, simu italazimika kuamka kila mara kutoa taarifa kwamba imevuka mpaka, na betri itakwisha. Likiwa kubwa mno, kila simu moja inayotafutwa itafanya minara mingi ipige mbiu bure, na masafa ya redio ambayo ndiyo bidhaa adimu kuliko zote katika mawasiliano haya yatajaa miito. Hakuna kipimo kimoja kinachofaa kila mahali. Eneo lenye barabara kuu likigawanywa vibaya, kila basi linalopita mpakani huleta kwa mkupuo taarifa za abiria wote waliomo. Huu ni uchumi wa maarifa: ni gharama kujua mtu alipo, na ni gharama kutojua, hivyo mtandao huchagua kutojua kwa kiasi.

Msomaji azingatie pia ile sentensi ambayo wateja wa simu Kenya wameizoea, kwamba mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa. Mteja ametengwa na nambari yake, kupatikana kumetengwa na vyote viwili, na mahali hapakutajwa kabisa. Umma umekwenda mbele zaidi: katika mazungumzo ya mitaani huko, kusema fulani ni mteja ni kusema simu yake haishiki. Sijui kama kuna mtunga istilahi angethubutu.

Lipo jambo jingine la vyombo visivyotumia waya ambalo tutaligusa tu. Tangu kazi ya Van Jacobson ya mwaka 1988, TCP huichukua pakiti iliyopotea kuwa dalili ya msongamano, ikapunguza mwendo. Katika waya dhana hiyo ni ya haki. Hewani pakiti yaweza kupotea kwa sababu ya ukuta au kilima, na kupunguza mwendo hakusaidii kitu. Kwa istilahi za pragmatiki, ukimya mmoja una sababu mbili na msikilizaji amefundishwa kuisoma moja.

5.0 Lakabu, na mwenye sanduku jipya

Itifaki ya QUIC, iliyotolewa rasmi Mei 2021 katika RFC 9000, ndiyo iliyokwenda mbali zaidi katika kuitenga nomino ya pekee na kiashiria kwa watumiaji wa kawaida. Mazungumzo ya QUIC yana kitambulishi chake, kisichozidi baiti 20 katika toleo la kwanza, ambacho hakitegemei anwani. Mtu anayetoka nyumbani akiacha Wi-Fi na kuingia mtandao wa simu hubadili anwani, lakini kitambulishi kinamjulisha kuwa ndiye yule yule. Upande wa pili humtumia fumbo kwenye njia mpya, naye akilirudisha sawasawa mazungumzo yanaendelea. Hakuna wakala, hakuna pembetatu. Tena wabunifu wake walitambua hatari ambayo wataalamu wa majina wanaijua: jina lisilobadilika humfichua mwenyewe kwa kila anayechungulia njiani. Kwa hiyo pande mbili hupeana mapema vitambulishi kadhaa, na kila njia mpya huanza na kingine. Hizi ni lakabu, zinazofahamika kwa wazungumzaji wawili na kumpoteza mpita njia.

Hata hivyo QUIC haijibu swali la nani aanze. Kinachohama ndicho kilichoifungua safari, nacho kilimtafuta aliyetulia. Anayetaka kuianza salamu kumwelekea anayehama bado anahitaji mahali pa kuulizia. Siku hizi mahali hapo pamechukuliwa na huduma za arifa za watengenezaji wa mifumo ya simu, kama ile iliyofunguliwa na Apple mwaka 2009. Simu hudumisha muunganisho mmoja na seva za kampuni hiyo, na programu yoyote inayotaka kuiamsha hupitia humo. Kikazi huyo ni wakala wa kwao aliyerudi. Tofauti ni kwamba katika mpango wa mwaka 1996 kwao palikuwa mtandao wa chuo, ofisi au kampuni ambayo mtu alikuwa na uhusiano nayo. Sasa kwao kwa mamilioni ya wasemaji wa Kiswahili ni kampuni mbili za Marekani. Ufunguo wa sanduku la Songea haumo tena mkononi mwa ndugu. Mwanaisimu anaweza kuona neno arifa likitafsiriwa vizuri kabisa katika menyu ya simu na asijue kwamba nyuma yake kuna swali la nani anashika daftari.

Kwa upande mwingine tunao mfano wa karibu unaoonyesha kwamba mfungamano huu unaweza kuhamishwa kwa sheria. Zamani tarakimu za mwanzo za namba ya simu ya mkononi zilimwonyesha kila mtu mteja ni wa kampuni gani; zilikuwa sehemu ya anwani. Kenya iliporuhusu wateja kuhama kampuni bila kubadili namba mwaka 2011, na Tanzania mwaka 2017, tarakimu zile zilianza kupoteza maana hiyo. Namba ikawa jina, na mtandao ukalazimika kuuliza kwanza katika orodha ya pamoja kabla ya kuelekeza mwito. Watu wengi bado wanazisoma tarakimu hizo kwa mazoea ya zamani, kama wasomavyo ukoo katika jina la mtu aliyebadili dini.

Kwa mtazamo huo tunapendekeza kwamba anwani, katika kamusi za taaluma hii, ibaki kwa kile kinachotaja mahali peke yake. Kitambulishi kitumike kwa kile kinachomfuata mwenyewe. Na maingizo ya anwani ya IP yaseme wazi kwamba katika TCP inabeba kazi zote mbili. Yaliyobaki yanahitaji utafiti wa uwandani. Mafundi wa simu wa Kariakoo na wa Mtaa wa Luthuli jijini Nairobi huzungumza na wateja wao kila siku juu ya kushika mtandao, kuhama mnara, na laini isiyosoma, na mengi ya maneno hayo bado hayajaingia katika tasnifu zetu.